Robo ya Wakia

Tulipochana godoro la mama, Kariobangi Kusini,
wiki ya tatu baada ya mazishi,
zilitoka noti za elfu, mia moja na kumi na mbili,
zimefungwa kwa mpira wa nywele,
zinanuka sabuni ya kipande.
Kaka yangu Musyimi alizihesabu mara mbili
kisha akaketi sakafuni.
Zilikuwa za zamani. Zile zilizokufa Septemba,
mwaka ule pesa zilipobadilishwa sura
na redio ikatangaza kila asubuhi.
Mama alikuwa na redio.
Aliizima habari zikianza, kuokoa betri.

Akiba haiozi, alikuwa akisema.
Mama, imeoza. Haikutoa harufu tu.

Mimi ni keshia, duka la vyuma, Barabara ya Kirinyaga.
Siku nzima kidole ulimini, nahesabu.
Najua kilo ya misumari ya inchi nne ilikuwa bei gani
dola ilipokuwa mia na tano,
na ilipofika mia na sitini
nilibandika bei mpya juu ya bei mpya
mpaka kibandiko kikawa kinene kama biskuti.
Shilingi ni ileile mkononi,
kama sabuni iliyobaki kipande:
jina lingalipo, povu hakuna.

Basi zamu yangu ya chama ilipofika
sikununua friji. Sikununua ploti ya Kamulu
(ploti ya kwenye picha, yenye wenyewe watatu).
Niliingia kwa sonara Ngara, Bwana Bhupendra:
mlango wa chuma, kengele, kamera, paka mnene.
"Pete? Hereni?"
"Sarafu," nikasema.

Alinitazama kama niliyeomba dawa bila cheti.
Kisha akatandika kitambaa cheusi, na juu yake
kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda.
Upande mmoja ndevu za mzee nisiyemjua,
upande wa pili swala, anatembea wala hafiki.
Gramu nane na nusu. Shaba kidogo ndani
ili isichubuke. Elfu themanini na moja.
"Na nikirudi kesho kuiuza?"
Akacheka kwa heshima.
"Kesho, mama, ni elfu sabini na tano.
Bei ya kuuza na bei ya kununua hulala vyumba viwili."

Nilipenda kwamba hakunidanganya.
Nje ya duka niliitia shavuni, kama peremende,
nikatembea hadi Pangani bila kuitikia salamu ya mtu.

Musyimi alicheka sana.
"Hiyo haizai. Haina riba, haina ndama.
Kanunue nayo sukuma wiki tuone chenji."
Kweli. Nani ana chenji ya swala?
Na shilingi ilipopata nguvu mwaka uliofuata
alinipigia simu makusudi:
"Haya! Dola mia na ishirini na tisa!"
Sikumjibu. Nilikuwa dukani, nabandua vibandiko.
Hapana, huo ni uongo. Sikubandua hata kimoja.
Misumari haikushuka.

Usiku mwingine naitoa kwenye kopo la majani ya chai,
naipima kwa mizani ya jikoni
isiyojua nusu: inasema nane, au tisa,
kutegemea meza.
Siipendi kama watu wanavyofikiri. Ni baridi.
Haina sahihi ya gavana, haina tarehe ya kufa,
wala haijui kwamba ni yangu.

Hapo ndipo hofu iliponishika.
Noti za mama hazikuuawa na tangazo peke yake.
Miaka kumi na minne alilala juu yake
na hakumnong'onezea hata mmoja wetu.

Jana Ndinda amekuja kutoka chuoni.
Nikamwomba apike chai.
"Majani yako wapi?"
"Kopo la pili. Lakini funga mlango kwanza,
kisha osha mikono."